Majani ya miembe tusiyachome

Nashukuru mwandishi wa makala iliyogusa taka za jikoni na za uani hapa Tabora, ila suala la mboji, yaani mbolea ya taka zilizooza, amelipita haraka mno. Mimi naishi Isevya. Kila asubuhi ni moshi tu, watu wanachoma majani ya miembe waliyofagia, halafu mvua zikianza wanahangaika kutafuta mbolea ya mchicha. Inaniuma sana.

Jamani, majani hayo makavu ndiyo yanayozuia mboji isinuke. Ukimwaga ndoo moja ya maganda ya ndizi na viazi, funika kwa ndoo 2 au 3 za majani. Nyunyizia maji, geuza kila wiki. Ukikamata konzi moja iwe na unyevu kama nguo iliyokamuliwa, isichuruzike. Chomeka kijiti katikati. Kikitoka cha moto, ujue kazi inaendelea. Baada ya miezi kadhaa inakuwa nyeusi na kunukia udongo. Vichwa vya samaki usitie, utaita panya.

Kwangu siku hizi tunapima unga kabla ya kusonga, na wali uliobaki tunaukaanga asubuhi kwa chai. Ndoo ya taka iliyokuwa ikijaa kila siku sasa inajaa mara 2 kwa wiki.