Boma la Zahanati Yetu na Barua ya Ukurasa Mmoja

Jumamosi iliyopita nilikaa saa mbili na nusu katika mkutano wa mwaka wa ukumbi wa kijiji ninachoishi, hapa Värmland, magharibi mwa Uswidi, na katika muda huo dakika zisizopungua 40 zilikwenda kwenye stakabadhi moja ya misumari na rangi. Mhazini, mama mtu mzima aliyestaafu ualimu, alikuwa amebandika kila stakabadhi kwenye karatasi yake ndani ya faili, na mzee mmoja akataka kujua kwa nini makopo ya rangi yalikuwa manne ilhali makisio yalisema matatu. Nilikuwa nimetoka zamu ya usiku kwenye nyumba ya wazee, macho mazito, na nakiri kwamba nilikereka sana. Nikajisemea kwamba watu hawa hawana shida, ndiyo maana wanapata nafasi ya kugombania kopo la rangi. Nilipokuwa mlangoni navaa koti nikasoma kibao nilichokipita kwa miaka: bendera ya buluu yenye nyota ya Umoja wa Ulaya, jina la mradi wa kuweka mashine mpya ya kupasha ukumbi joto, krona 380,000, mwaka uliotekelezwa na mfuko uliotoa fedha. Nikalikumbuka boma la zahanati ya kijiji chetu mkoani Tabora, Tanzania, jengo lililoishia kwenye kuta bila paa, na kero yangu ikahama kwa yule mzee ikaelekea nyumbani.

Msomaji wa Tabora hahitaji kuelezwa boma ni nini. La kwetu lilianza mwaka 2012, wakati ule Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi ulipokuwa umetuahidi tangu 2007 kwamba kila kijiji kitakuwa na zahanati na kila kata kituo cha afya. Mkutano mkuu wa kijiji ukapitisha kwamba kila kaya itoe tofali za kuchoma 200, na atakayeuza tumbaku akatwe mchango kwenye malipo yake. Mama yangu, ambaye wakati huo alikuwa amekwishapita miaka 60, alibeba maji ya kuchanganyia udongo kwa ndoo kutoka kisimani, zamu yake ilipofika na ilipokuwa haijafika. Kuta zikapanda hadi usawa wa lenta, ule mkanda wa zege juu ya milango na madirisha, na hapo tukaambiwa wananchi wamemaliza sehemu yao, serikali itaezeka na kumalizia. Nilipokwenda likizo mwaka jana niliingia ndani ya chumba kilichokusudiwa kuwa cha kujifungulia. Mpapai umeota katikati na umekwishazaa. Nondo zilizotokeza kwenye lenta zimeshika kutu kiasi cha kumenyeka kwa ukucha, na tofali za mistari ya chini, upande unaopigwa na mvua, zimelika zikabaki na kiuno chembamba. Shemeji yangu, mke wa mdogo wangu, alijifungua mwezi huohuo baada ya kupakiwa kwenye bodaboda usiku kwenda kata ya jirani.

Sasa, mwezi uliopita kundi letu la wanakijiji tulio mbali lilipitisha mchango wa mabati, na mimi nikauliza swali moja tu: je, ipo barua ya halmashauri inayosema kwamba tukiezeka, milango, mganga na dawa vitakuja lini? Majibu yaliyonishukia sitayarudia yote. Nimeambiwa nimekuwa Mzungu, kwamba nimesahau nilikotoka, na kwamba mvua inaendelea kuzila tofali mimi nikidai karatasi. Hilo la mwisho liliniuma kwa sababu ni kweli. Lakini hii ni mara ya tatu naombwa. Mwaka 2014 nilichangia, na mwaka 2019 nikatuma fedha ya saruji mifuko 20, ambayo ilinunuliwa yote, ikahesabiwa, ikawekwa stoo, ikasubiri mhandisi aje kukagua lenta kabla kazi haijaendelea, naye hakuja hadi saruji ikaganda ndani ya mifuko. Hakuna aliyeiba hata kilo moja. Jambo hili ndilo linaloniumiza kuliko wizi, maana mwizi hutafutwa, lakini mifuko ile hakuna wa kuidai, kwa kuwa hapakuwa na maandishi yoyote yanayosema nani alipaswa kufika siku gani.

Nataka nieleweke vizuri hapa, kwa sababu watu wengi hudhani huku Ulaya kijiji kinakaa tu kikisubiri kuletewa. Si hivyo. Fedha iliyojenga ile mashine ya joto ilitoka kwenye mpango uitwao LEADER, ambao Umoja wa Ulaya uliuanzisha mwaka 1991 kwa ajili ya vijiji, na kila nchi mwanachama inalazimika kuutengea si chini ya asilimia 5 ya fedha inayoipata kutoka mfuko wa Ulaya wa maendeleo ya vijijini. Miradi huchaguliwa na kikundi cha watu wa eneo husika, wakiwamo wakulima, wafanyabiashara, vyama vya wananchi na wawakilishi wa halmashauri, na kanuni zilizosimamia vikundi hivyo zilikataza upande wa serikali au kundi lolote moja kuwa na zaidi ya asilimia 49 ya kura. Hata hivyo, mradi ukishapita, kijiji ndicho kinachotangulia kulipa: kinanunua, kinamlipa fundi, kinakusanya stakabadhi, kisha kinadai kurejeshewa. Ukumbi wetu ulilazimika kukopa ili uvuke miezi ya kusubiri. Kwa hiyo katika hili la wananchi kutangulia, Värmland na Tabora hatutofautiani hata kidogo. Tofauti ni kwamba kabla msumari wa kwanza haujanunuliwa, yule mama mhazini alikuwa na barua ya uamuzi ya ukurasa mmoja na viambatanisho vyake: kiasi kilichokubaliwa, sehemu itakayobebwa na mfuko, tarehe ya mwisho ya kuwasilisha madai na ofisi ya kukatia rufaa. Kwa barua hiyo alikopesheka. Kwa barua hiyo pia yule mzee alikuwa na haki ya kuuliza habari ya kopo la nne, kwa sababu makisio yaliambatanishwa nayo na kila mtu alikuwa na nakala.

Nyumbani tunatanguliza jasho, wanaotufuata wanatanguliza maneno. Tunapanga kuanzia chini, kweli, kwa ule utaratibu wa fursa na vikwazo: kijiji kinaibua, Kamati ya Maendeleo ya Kata inajadili, halmashauri inaunganisha, halafu ukomo wa bajeti unashuka kutoka juu na yote tuliyoyaibua yanakatwa ili yaenee. Kinachobaki kinasubiri fedha ishuke, na tarehe 30 Juni ikifika haijashuka, tunaanza upya mwezi Julai kana kwamba hatujawahi kukutana. Wakati huohuo halmashauri zetu za tumbaku hukusanya ushuru wa mazao, ambao mwaka 2017 ulipunguzwa kutoka asilimia 5 hadi 3 kwa mazao ya biashara, na mkulima wa Urambo, Kaliua au Sikonge anayaona marobota yake yakipakiwa kwenye lori bila kujua ni shilingi ngapi ya ushuru ule itakayorudi kijijini kwake. Ile asilimia 20 inayopaswa kurudi vijijini, ambayo tunaisikia tangu kodi ya maendeleo ilipofutwa mwaka 2003, iulizeni kwenye mkutano wowote wa kijiji mwone mtendaji atakavyoitazama saa yake.

Najua kinachofuata. Uswidi ni tajiri, nitaambiwa, na wewe unalinganisha mlima na kichuguu. Lakini mimi sikulinganisha fedha. Halmashauri ninayoishi haina utajiri wa kutajwa. Vijana wamehama, walipa kodi wamezeeka, na inasimama kwa sababu ya mfumo wa kitaifa wa kusawazisha mapato, ambao huzitoza halmashauri tajiri kama Danderyd, pembezoni mwa Stockholm, ili zile zenye hali kama ya kwetu ziendeshe shule na huduma za wazee. Kiasi hicho hukokotolewa kwa kanuni zinazojulikana, na huchapishwa ili kila halmashauri ijue fungu lake. Kuchapisha hakuhitaji utajiri, na ushahidi wangu siutoi Ulaya, nautoa nyumbani. Mwaka 2021, Rais Samia alipozindua matumizi ya mkopo wa shilingi trilioni 1.3 kutoka Shirika la Fedha la Kimataifa, kila mtu alijua kwamba yatajengwa madarasa 15,000 na kwamba kila darasa ni shilingi milioni 20. Fedha iliingia kwenye akaunti, kamati za ujenzi zikaundwa na mafundi wa palepale wakaajiriwa. Kijijini kwetu wazee waliokuwa hawajawahi kuhoji lolote walikuwa wanakaa chini ya mwembe kuhesabu mifuko inavyoshushwa, kwa sababu walijua milioni 20 ni kiasi gani na ni ya kitu gani. Darasa lile lipo, lina sakafu na madirisha, na lilikamilika kwa miezi michache. Liko hatua zisizofika 300 kutoka kwenye boma la zahanati. Watu ni walewale, mafundi ni walewale, udongo ni uleule.

Wala sisemi kwamba huku ni peponi. Mwaka 2017, kaskazini mwa nchi hii, wodi ya wazazi ya hospitali ya Sollefteå ilifungwa kwa sababu za bajeti, na akina mama wakabaki na safari ya kilomita 100 na zaidi hadi hospitali nyingine. Wakunga wakaendesha kozi ya kuwafundisha wazazi namna ya kuzalisha ndani ya gari wakizidiwa njiani. Niliposoma habari ile nilimfikiria shemeji yangu kwenye bodaboda, na nikakoma kuamini kwamba serikali yoyote huwapenda watu wa vijijini bila kusukumwa. Wananchi wa Sollefteå waliingia kwenye ukumbi wa mapokezi wa hospitali yao wakakaa kwa zamu, usiku na mchana, kwa miaka. Walikuwa wanapinga uamuzi ulioandikwa, wenye tarehe na majina ya waliopiga kura. Sisi tunapinga nini? Hakuna aliyewahi kuamua kwamba zahanati yetu isijengwe. Haijengwi tu.

Wengine watasema kosa ni la wananchi wenyewe, hawahudhurii mikutano. Nimehudhuria mikutano ile tangu nikiwa kijana, na sheria inataka ifanyike kila baada ya miezi mitatu, mapato na matumizi yasomwe. Mtu anaacha shamba lake msimu wa kupanda, anakaa juani saa tatu, anasomewa kwamba fedha za maendeleo hazijapokelewa, anachangishwa, anaondoka. Akikosa mkutano unaofuata mnamwita mvivu. Huku sheria ya kumruhusu raia kuona nyaraka za serikali ilitungwa mwaka 1766, na sisi ya kwetu ya haki ya kupata taarifa ni ya mwaka 2016, kwa hiyo sitarajii mazoea ya miaka 250 yaote kwetu ndani ya kumi. Ninachosema ni kwamba sheria hiyo ipo, ni yetu, na kuomba kwa maandishi kujua kama boma letu limo kwenye bajeti si kiburi wala uzungu.

Na kama ni kujivuna, basi najivunia mahali pamoja. Siku ya kupaka rangi ukumbi wa hapa tulijitokeza watu 11, tukanywa kahawa mara mbili na tukamaliza alasiri. Nikawasimulia kwamba kwetu kijiji kizima, pamoja na wajane na wanafunzi, kilifyatua na kuchoma tofali za jengo lenye vyumba saba bila kulipwa hata senti. Walidhani nimekosea neno kwa Kiswidi, wakaniomba nirudie. Watu wenye uwezo huo hawastahili kuombwa tena wakiwa hawana hata karatasi mkononi.

Fedha ya mabati 30 ya geji 28 nimekwishaitenga. Nimemwandikia baba yangu mdogo, ambaye ndiye mwenyekiti wa kijiji, kwa heshima zote anazostahili, nikimwomba apeleke ombi la maandishi kwa mkurugenzi kupitia kwa mtendaji wa kata, likiuliza mambo matatu tu: milango lini, mganga lini, dawa lini. Jibu likija, hata likitaja mwaka 2029, lisomwe mbele ya mkutano mkuu na libandikwe kwenye ukuta wa ofisi ya kijiji, nami nitaituma fedha siku hiyohiyo. Jana usiku baba mdogo amejibu kwamba ameuelewa ujumbe, kwamba hakuufurahia, na kwamba ataufikisha kwenye mkutano masoko ya tumbaku yakishafungwa.