Mafuriko ya Kalehe: alipwe mwenye karatasi au mwenye jembe?

Tarehe 4 Mei 2023 maji na mawe yaliporomoka milimani yakafagia Bushushu na Nyamukubi, kando ya Ziwa Kivu, wilayani Kalehe, Kivu Kusini, nchini Kongo (DRC). Zaidi ya watu 400 walikufa. Nyamukubi ilikuwa siku ya soko. Taifa liliwaomboleza wafu. Mashamba yaliyozikwa chini ya tope hayakusemwa sana, ingawa yalilisha waliosalia, na sisi wa Bukavu pia: maharagwe, mihogo na ndizi nyingi zinazoshushwa Beach Muhanzi, bandari yetu ndogo ya ziwani, zinatoka pande hizo. Je, maafa yakimwondolea mkulima shamba, serikali impe pesa mkononi, au mbegu na jembe tu?

Wanaokataa pesa wana sababu. Pesa za kilimo zimeliwa mchana kweupe: Mei 2025 Korti ya Katiba ilimhukumu waziri mkuu wa zamani Matata Ponyo kwa ubadhirifu katika mradi wa Bukanga-Lonzo. Kama mradi mmoja mkubwa uliliwa hivyo, orodha za majina zinazoandikwa vijijini zitalindwa na nani? Tena wanauliza swali zito zaidi: ukimlipa mtu ili alime tena kwenye mteremko uleule uliokatwa miti, si unamrudisha kwenye njia ya maji?

Lakini tuhesabu miezi. Maharagwe yanahitaji kama mitatu kabla ya kuvunwa, mihogo mwaka na zaidi. Katikati hapo familia inakula nini? Inauza mbuzi, kisha inakula mbegu, kisha vijana wanaacha jembe na kwenda kuchimba kasiterite, madini ya bati, kwenye migodi ya Nyabibwe. Mbegu za msaada zikifika Novemba, wakati msimu A, wa kwanza wa kupanda, umeanza Septemba, zinaishia kwenye sufuria, na simlaumu mama anayezipika.

Swali la mteremko, kwangu, linatetea pesa. Mbegu zinadai shamba, na shamba halipo tena. Mwenye franka anaweza kukodi ardhi mahali penye usalama. Ndiyo maana malipo yamfuate mkulima, yasifungwe kwenye kiwanja alichopoteza.

Hapo tunafika kwenye fundo lenyewe. Sheria ya ardhi ya 1973, kifungu cha 389, iliahidi kwamba amri ya rais itapanga haki za watu kwenye ardhi za kimila. Kwa zaidi ya miaka hamsini amri hiyo haikutoka. Wengi Kalehe wanalima kwa kalinzi, haki ya kudumu waliyoipata kwa mwami, yaani chifu wa kimila, au kwa bwasa, ya kukodi kwa muda mfupi. Wengine wanalima ndani ya konsesheni, mashamba makubwa yenye hati ya serikali, za watu wasioishi huko. Ofisi ikidai hati, fidia itaenda kwa mwenye konsesheni, na mwanamke aliyepanda mihogo ile ataambulia pole. Ushahidi wa majirani, utolewe mbele ya watu wote, utoshe. Na jina liandikwe la anayelima, si la mume kwa mazoea.

Tangu waasi wa M23 waingie Bukavu Februari 2025 na benki kufunga milango, wengi wamebaki kutegemea pesa ya simu. Inapita palipofungwa, ila orodha yenye majina na namba za simu ni hatari kwa walioandikwa ikishikwa na wenye silaha. Kwa hiyo mgao uwe mdogo, mara mbili: wa kwanza Agosti, wa pili kabla ya palizi.

Hofu moja ya wapinzani siwezi kuiondoa kirahisi. Wenye ardhi wakisikia pesa inakuja, watapandisha bei ya bwasa, na msaada utapita mikononi mwa mkulima bila kusimama. Bei hiyo ipangwe na mwami na wakulima wenyewe, itangazwe sokoni na kanisani, kabla ya franka ya kwanza kutumwa.