Seattle: taa iliyoungua na simu isiyopigwa

Taa ya barabarani ikiungua mtaani kwako, itabadilishwa lini? Seattle City Light, shirika la umeme linalomilikiwa na jiji la Seattle katika jimbo la Washington, Marekani, huko nyuma lilikuwa na jibu moja: ukitupigia. Mkazi analalamika, kazi inaandikwa, fundi anapanda na balbu mpya. Hakuna anayeulizwa rangi yake wala kabila lake. Kama upo utaratibu usiobagua mtu, ndio huo.

Halafu wakatazama ni nani hasa hupiga simu. Zilitoka zaidi kwenye mitaa ya wenye nacho, ambayo Seattle kwa sehemu kubwa ni mitaa ya Weupe. Mitaa ya kusini, wanakoishi Weusi, Waasia na wahamiaji, wakiwemo Wasomali, Waethiopia na Waeritrea wengi, ililalamika kidogo na giza lake likakaa muda mrefu zaidi. Shirika likaacha kusubiri simu. Balbu zikaanza kubadilishwa eneo baada ya eneo, kwa ratiba inayofuata umri wa balbu yenyewe.

Naanza na taa kwa sababu mjadala wa Wamarekani kuhusu haki ya rangi katika serikali za miji umejaa kelele za semina na kesi, na mambo ya namna hii hayasikiki. Mabadiliko ya taa ni sehemu ya mpango ulioanzishwa na Meya Greg Nickels mwaka 2004, unaozitaka idara za jiji zijiulize kabla ya kupitisha sera au bajeti: nani atafaidika, nani ataumia, na je, hao wa kuumia wameulizwa? Mameya waliomfuata waliuendeleza, na mwaka 2023, chini ya Meya Bruce Harrell, ukawekwa kwenye sheria za jiji ili usitegemee utashi wa meya aliyepo.

Kwa nini mtu asipige simu? Wepesi wa kusema "ni uvivu wao" naujua, hata kwetu upo. Lakini mwenye kazi mbili anarudi saa sita usiku, ofisi imefungwa. Asiyejua Kiingereza vizuri anaogopa kuhojiwa. Mpangaji anadhani hilo ni la mwenye nyumba. Na aliyekulia mahali ambapo serikali hufika mtaani kuvunja vibanda tu hana mazoea ya kuiita kwa hiari yake. Kila mmoja ana sababu yake, na zote zinaishia kwenye giza lilelile. Kanuni haikubagua mtu; ilichofanya ni kumsubiri mwenye nafasi na ujasiri wa kusema, basi.

Wapinzani wana hoja, tena nzito. Mwaka 1998 wapiga kura wa jimbo la Washington, asilimia 58, walipiga marufuku upendeleo wa rangi au jinsia katika ajira, elimu na zabuni za serikali. Mwaka 2019 bunge la jimbo lilijaribu kulegeza marufuku hiyo, wananchi wakakataa tena, safari hii kwa tofauti ndogo sana. Waliokusanya saini za kulipeleka jambo hilo kwenye kura hawakuwa wazee wa Kizungu wenye kinyongo. Mstari wa mbele walikuwemo wahamiaji wenye asili ya China, waliosema walikuja Marekani ili watoto wao wapimwe kwa bidii, si kwa sura. Kuwaita hao wabaguzi ni kukwepa kuwajibu.

Jibu lenyewe nadhani liko kwenye ile ratiba ya balbu. Kutazama rangi ili ujue taa zimezimika wapi si sawa na kutazama rangi ili umpe mtu kazi. Fundi anayefuata ratiba anapita mlango wa kila mtu, wa tajiri na wa maskini, na sheria ya 1998 haijaguswa. Takwimu za rangi zilitumika kugundua kasoro. Dawa ikagawiwa kwa wote. Anayesema serikali ifumbe macho kuhusu rangi anapaswa kueleza kasoro ile ingeonekanaje.

Semina sizitetei sana. Mwaka 2020 jiji liliandaa mafunzo ya wafanyakazi Weupe peke yao, kuhusu hisia za ubora walizojijengea bila kujua. Mfanyakazi mmoja wa zamani alilishtaki jiji mwaka 2022, akidai mpango huo ulimjengea mazingira ya uhasama kazini. Mwaka 2025 jaji wa shirikisho aliamua kwa upande wa jiji. Kisheria sawa. Kisiasa, saa chache za semina ziliwapa wapinzani silaha ambayo taa elfu moja zisingewapa.

Ila hoja inayonisumbua kuliko zote ni mtaa wa Central District. Huko ndiko Weusi wa Seattle walikosukumiwa. Kwingineko hati za nyumba zilikataza wasiuziwe, na ramani za mikopo za miaka ya 1930 zikauweka mtaa wao kwenye kundi la hatari. (Sisi tuliorithi majina ya Uzunguni na Uhindini hatuhitaji kuelezwa sana.) Mwaka 1964 wapiga kura wa jiji waliikataa sheria ya kuzuia ubaguzi wa nyumba, wawili kwa mmoja na zaidi. Baraza la jiji liliipitisha Aprili 1968, siku 15 baada ya Martin Luther King kuuawa, ikiongozwa na Sam Smith, diwani wa kwanza Mweusi.

Miaka ya 1970 Weusi walikuwa zaidi ya asilimia 70 ya wakazi wa mtaa huo. Katikati ya miaka ya 2010 hawakufika 20. Sehemu ya anguko hilo ilitokea mpango wa haki ukiwa kazini, fomu zikijazwa, maswali yakiulizwa. Mwaka 2019 lilifunguliwa hapo jengo la Liberty Bank, lenye nyumba 115 za bei nafuu, na ni jambo jema. Lakini nyumba 115 kwa mtaa mzima!

Watetezi husema jiji halipangi bei za soko. Kweli, lakini linapanga ardhi. Sehemu kubwa ya ardhi ya makazi ya Seattle iliruhusiwa nyumba ya familia moja tu, nyumba zikawa chache na bei ikapaa. Jiji lilipotaka kuruhusu majengo makubwa zaidi katika mitaa 27, vikundi vya wakazi vilikata rufaa, na utekelezaji ukasubiri hadi 2019. Mikutano ya ardhi hujazwa na nani? Walewale wa simu: wenye nyumba, wenye muda, wenye lugha. Kwa balbu jiji liliacha kuwasubiri. Kwa ardhi liliendelea kuwasikiliza mpaka bunge la jimbo, mwaka 2023, lilipoiamuru miji iruhusu nyumba zaidi ya moja kwenye viwanja hivyo. Wakati huo familia nyingi za Weusi zilikuwa zimekwisha hamia Renton na Kent, nje ya mipaka ya jiji, ambako maswali ya Seattle hayawafikii.