Risasi ya Marty, uongo wa Rust

Katika sehemu ya tano ya msimu wa kwanza wa True Detective, tamthilia ya upelelezi ya Marekani, iliyorushwa na HBO Februari 2014, sikio linapewa hadithi moja na jicho linapewa nyingine. Ni mwaka 2012. Rust Cohle na Marty Hart, wapelelezi wa zamani wa Louisiana, wanahojiwa kila mtu kivyake kuhusu kilichotokea 1995. Wote wawili wanasimulia jinsi mtuhumiwa wa mauaji Reggie Ledoux alivyowamiminia risasi. Tunachokiona ni kingine kabisa: Ledoux tayari ana pingu mikononi. Marty anatoka ndani ya maficho ya Ledoux msituni, alikokuta watoto wawili wamefungiwa, mmoja keshakufa, na bila kusema neno anamfyatulia Ledoux risasi ya kichwa. Rust halaumu. Anahimiza pingu zifunguliwe upesi, kisha anashika bunduki ya AK na kuimimina kwenye miti ili paonekane palikuwa na mapambano.

Wanaowatetea wana hoja nzito. Nani angewaona watoto wale akabaki mtulivu? Na hawa si marafiki. Hata garini hawaishi kubishana. Mwaka 2002 wanakuja kupigana ngumi kwa sababu ya mke wa Marty. Bado siri inadumu miaka 17. Rust angeweza kummaliza mwenzake kwa sentensi moja tu, hakufanya hivyo. Uaminifu wa namna hiyo ni adimu, na waigizaji Matthew McConaughey (Rust) na Woody Harrelson (Marty) wanauigiza bila kuutangaza.

Lakini mimi siwezi kuishia hapo. Ledoux akiwa hai angehojiwa. Akiwa maiti, kesi ilifungwa, wawili hao wakapongezwa na Marty akapandishwa cheo. Mwaka 2002, katika sehemu hiyohiyo, mtuhumiwa mwingine anamwambia Rust kwamba muuaji hajawahi kukamatwa. Kumbe miaka yote hiyo watoto wengine walibaki hatarini, na shahidi aliyeweza kufungua mlango alizimwa na polisi mwenyewe. Hasira ya Marty naielewa kabisa. Gharama yake waliilipa wasiokuwepo pale msituni.

Ndiyo maana naona ushirikiano wao unaanza kuwa wa kweli baadaye, Rust anapomwambia Marty kwamba wana deni. Marty anasita, mpaka anapoonyeshwa mkanda wa video wa Marie Fontenot, mtoto aliyetoweka miaka mingi kabla. Hapo ndipo anakubali kuifungua upya kesi iliyompa cheo.