Nyasi za reli zikatwe kabla hazijatoa mbegu

Shangazi yangu anakaa Changamwe, Mombasa, hatua chache kutoka reli ya zamani, na kwa miaka mingi mboga yake ya jioni ilitoka hapo relini. Masika yakishika, mchicha wa pori na mnavu huota kando ya tuta bila kupandwa na mtu. Alikuwa akitoka na kikapu jua likishapoa, anachuma ya kuwatosha wajukuu wanne, anarudi kupika. Mwaka juzi alichuma kama kawaida, akaosha, akakata, akabandika sufuria. Jirani akapita mlangoni, akaona maganda na mizizi chini, akamwuliza, "Bi mkubwa, hizo si za kule relini? Asubuhi walipita vijana na mabomba mgongoni."

Akaimwaga sufuria nzima. Kesho yake tulikwenda pamoja kuangalia, na majani yalikuwa bado mabichi, yamesimama vizuri. Dawa ya kuua magugu ya aina ile hukawia. Mmea uliopigwa leo hauonyeshi chochote, manjano huanza baada ya siku kadhaa, kwa hivyo jicho la mama wa watu halina namna ya kujua. Hapakuwa na kibao, hapakuwa na utepe, hakuna aliyepita nyumba kwa nyumba. Walionyunyiza walikuwa vibarua wa mkandarasi fulani, na wao wenyewe, kwa maelezo ya jirani, hawakuvaa hata glavu.

Nimekaa na jambo hili kwa muda. Msimamo wangu ni kwamba magugu ya reli Mombasa yaondolewe, tena yaondolewe mara nyingi kuliko sasa. Lakini yakatwe kwa mikono, mapema, kabla hayajatoa mbegu, na wafanyao kazi hiyo wawe ni watu wanaoishi kando ya reli wenyewe. Dawa ibaki kwa sehemu ndogo sana, na siku yake itangazwe.

Ami yangu, Mungu amrehemu, alifanya kazi ya genge upande wa Mazeras enzi za shirika la reli la Afrika Mashariki, kabla Jumuiya haijavunjika mwaka 1977. Genge lilikuwa na kipande chake cha njia, na nyapara wake, na nyumba zao za landi palepale kando ya reli. Walijua kila mtaro na kila jiwe. Tulipokuwa watoto alikuwa akitutembeza na kutuonyesha kokoto zilizo chini ya mataruma, ile mihimili inayolazwa kubeba reli. Alisema, "Reli hii, mwanangu, haishikwi na chuma. Inashikwa na maji yanayoondoka upesi."

Miaka mingi ilipita kabla sijaelewa. Kokoto zile zina kazi mbili, kubeba uzito wa treni na kupitisha maji. Kati ya jiwe na jiwe pana nafasi, mvua ikinyesha maji hushuka na kutoka pembeni. Nyasi zikiota humo, mizizi hushika vumbi, majani yaliyooza huwa udongo, udongo huziba nafasi, na maji hubaki. Taruma lililo juu ya tope hucheza kila behewa linapopita. Likicheza, reli hupoteza usawa wake, na mafundi wanaitwa kuinua na kunyoosha njia ambayo ingekaa sawa miaka mingine mingi. Hapo gharama haiko tena kwenye fyekeo.

Halafu kuna mambo ambayo abiria hayaoni. Mkaguzi anayetembea njia kwa miguu hawezi kuona bolti iliyolegea ikiwa imefunikwa na ukoka. Majani mabichi yakisagwa juu ya reli huacha utando wa utelezi, magurudumu yakazunguka bila kushika, na njia yetu inapanda tangu usawa wa bahari hadi Mazeras. Na mitambazi kama upupu ikikamata nguzo ya ishara, dereva anaiona akiwa ameshaifikia.

Lakini la kivuko cha reli ndilo linaloniogopesha zaidi. Kuna njia ya vumbi inayokata reli upande wa kwenda Miritini, haina geti wala mlinzi. Nilipita hapo kwa tuktuk mwezi wa Juni, mvua zimeisha, nyasi zimepita paa la tuktuk na mwarobaini umeinamia kutoka kushoto. Dereva alikuwa kijana makini. Alizima redio, akatoa kichwa nje, akasikiliza. Hakuona kitu. Ilibidi asogee mpaka gurudumu la mbele liguse chuma ndipo macho yake yapate njia, na honi ikalia wakati uleule. Alirudi nyuma kwa nguvu hata mama aliyekuwa nasi akamwaga viazi vyake vyote sakafuni. Treni ya mizigo ikapita mbele yetu, ndefu, polepole, na hakuna aliyesema neno mpaka behewa la mwisho.

Piga hesabu mwenyewe. Treni inayokwenda kilomita 40 kwa saa hukata mita 11 kila sekunde. Tuktuk iliyosimama, ina abiria watatu na gunia, haivuki njia ile kwa chini ya sekunde tano au sita. Kwa hivyo dereva anahitaji kuona zaidi ya mita 60 za reli akiwa bado amesimama mahali salama, na hapo sijahesabu muda wa kuamua. Treni ya mizigo yenyewe haisimami kwa mita 60, inahitaji mamia. Pale kivukoni siku ile hatukuona hata mita 10. Kufungua mwono ule ni kazi ya watu wanne wenye mapanga, asubuhi moja.

Marekani wameliandika hili kwenye kanuni zao za usalama wa njia ya reli, kifungu cha 213.37. Mimea iliyo juu ya njia au kandokando yake lazima idhibitiwe isiwe hatari ya moto kwa madaraja ya reli, isifiche alama na ishara, isiwazuie wafanyakazi kazi yao, isiharibu nyaya za ishara na mawasiliano, na isiwazuie kuikagua treni inayopita. Kinachonipendeza ni kwamba kanuni hiyo inaeleza madhara ya kuepukwa tu. Haimlazimishi mtu kumwaga dawa. Aliyekata kwa panga ameitimiza, aliyenyunyiza ameitimiza, ilimradi mwono uko wazi.

Na hapa ndipo ninapotofautiana na wanaosema dawa ni rahisi zaidi. Inayotumika sana duniani ni glifoseti, iliyoingia sokoni mwaka 1974. Huingia kupitia majani, hushuka na utomvu mpaka mizizini, na kuzuia mmea kutengeneza baadhi ya viini vya kujengea protini zake. Kwa ndago, ambayo ukiikata leo inachipua kesho kutoka kwenye viazi vyake vya chini ya udongo, sikatai kwamba inafanya kazi ambayo fyekeo haiwezi. Lakini ikishafika ardhini hushikwa na udongo, na mbegu zilizolala humo haziguswi. Mvua inayofuata zinaota kana kwamba hakuna aliyepita. Na ule mmea uliokufa hauendi popote. Unasimama palepale, mkavu, mwezi wa Januari na Februari, upepo wa kaskazi ukivuma na jua likichoma. Sisi mji wetu una Shimanzi, ambako matangi ya mafuta na reli vimekaa jirani. Mtu anayekausha nyasi kwa dawa mahali kama pale kisha akaziacha zimesimama amebadilisha shida moja kwa nyingine iliyo kubwa zaidi.

Kuhusu afya ya binadamu mabishano hayajaisha. Mwaka 2015 taasisi ya utafiti wa saratani iliyo chini ya Shirika la Afya Duniani iliiweka glifoseti katika kundi la vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani kwa binadamu. Mamlaka za Ulaya na Marekani zikaona vingine, na mwaka 2023 Umoja wa Ulaya ukairuhusu kwa miaka 10 zaidi. Hata hivyo shirika la reli la Ujerumani lilikuwa limeshaiacha kufikia mwisho wa 2022, na Uswisi wamejaribu treni inayomwaga maji ya moto juu ya magugu. Sina maabara, siwezi kuamua ubishi huo. Ninachojua ni kwamba nchi zile reli zao hazichumwi mchicha. Yetu inachumwa. Mbuzi wanalishwa pale, watoto wanapita pale kwenda shule, na maji yote ya mvua kutoka tuta la reli na mitaro ya Changamwe yanaishia kwenye mikoko, ambako kuna watu wanaokota kaa na chaza.

Kuna kosa jingine ambalo nimelishuhudia, na lenyewe halina dawa ndani yake. Mahali fulani kwenye mteremko walileta tingatinga, wakakwangua kila kitu mpaka udongo mwekundu ukabaki uchi. Kwa wiki mbili palipendeza. Masika ya kwanza yakachimba makorongo kwenye tuta, udongo ukashuka ukajaza mtaro, na mtaro uliojaa ukarudisha maji kwenye kokoto. Nyasi fupi kwenye mteremko ni rafiki wa reli, mizizi yake ndiyo inayoshika ardhi. Genge la kina ami lilikata nyasi za tuta zikabaki kimo cha kifundo cha mguu, na zilizo ndani ya kokoto wakazing'oa. Walijua pa kung'oa na pa kukata. Mtu anayekuja mara moja kwa mwaka na lori hawezi kujua.

Ndiyo maana nasema kazi hii wapewe watu wa hapo. Mvua zetu zinajulikana, masika Aprili na Mei, vuli kuanzia Oktoba. Nyasi ikianza kupanda juu lakini haijatoa suke, hapo ndipo pa kuikata, na ikakatwe tena kabla mvua hazijaisha. Mara mbili kwa masika, mara moja au mbili kwa vuli. Baada ya misimu michache mbegu za kuota zinapungua kila mwaka, na kazi yenyewe inakuwa nyepesi. Zabuni ya mara moja kwa mwaka hufika Julai au Agosti, mbegu zimeshamwagika, vichaka vimeshakuwa miti, na hapo kweli panga halitoshi na mtu anatafuta sumu.

Vikundi vya vijana na vya akina mama viko Changamwe, viko Miritini, viko Mazeras. Kila kikundi kipewe kipande chake kama genge la zamani, mkataba wa mwaka mzima, glavu, viatu vya mpira, na mtu mmoja wa reli wa kuwafundisha ratiba ya treni na kusimama na bendera. Mkataba uanze na vivuko. Baadaye vichochoro ambavyo wanawake hupita alfajiri kwenda kazini, kwa sababu kichaka kinachoficha treni kinamficha pia mwizi, na swila. Dawa, ikilazimu, ibaki ndani ya kokoto tu, siku isiyo na dalili ya mvua, na mzee wa mtaa apewe habari kabla.

Na wasiache kuangalia ni mti gani unaota. Mathenge iliingia Kenya kupitia hapa kwetu, mbegu zake zililetwa mwaka 1973 kutoka Brazil na Hawaii ili kufufua ardhi ya machimbo ya Bamburi. Nia ilikuwa njema. Miaka ya themanini ikapandwa Baringo, na kilichofuata Baringo kinajulikana, mathenge ilimeza malisho, na mbuzi wakapoteza meno kwa maganda yake matamu. Mbuzi hula maganda, mbegu hutoka salama kwenye kinyesi na kuota. Ukiikata juu ya ardhi inachipua mashina matano badala ya moja. Lazima uchimbe na ukate chini ya udongo, ingali changa. Kazi hiyo haifanywi na bomba wala tingatinga, inafanywa na mtu anayepita hapo kila siku na anayeijua sura yake ikiwa na majani manne.

Najua nitaambiwa hakuna pesa. Pesa ipo, inatumika kuinua njia iliyozama na kulipa tingatinga. Nitaambiwa pia kwamba watu waliojenga na kulima kando ya reli hawakutakiwa kuwepo. Huo ni mjadala mwingine, na ukiamuliwa leo au kesho, treni itapita usiku huu na kivuko kile bado kina nyasi.

Shangazi yangu hajadai fidia. Siku hizi anapanda mchicha kwenye magunia matatu mlangoni, hautoshi, na mwingine ananunua sokoni. Nilipomwambia naandika habari hii nilimwuliza aseme nini kwa wahusika. Akafikiri, akaendelea kuchambua mboga. "Waambie waje wagonge mlango siku moja kabla," akasema. "Mimi nitawapa maji ya kunywa, na nitawaonyesha pale mbuzi wanapopenda."