Moshi mmeunasa, tope mnalipeleka wapi?

Juzi kijiweni Magomeni kuna jamaa alikuwa anatuhubiria eti makaa ya mawe ya siku hizi ni masafi, mtambo wa kisasa bomba linatoa mvuke mweupe tu, kwa hiyo tuchimbe makaa ya Mchuchuma kule Ludewa tuwashe umeme na anayepinga ni kibaraka wa wazungu. Watu wanatikisa vichwa, kahawa inanyweka. Nikauliza, na ile salfa iliyokuwa kwenye moshi inaenda wapi? Akanijibu "inachujwa".

Inachujwa! Yani sisi watu wa Dar ndo wa kupewa jibu hilo, sisi ambao masika ikipiga tu watu wanatapisha vyoo usiku na asubuhi mtaa mzima umeziba pua na hakuna anayejua ni nani.

Haya, twende taratibu. Ule moshi unamwagiwa maji yaliyokorogwa na unga wa mawe ya chokaa, salfa inashikana na kalsiamu, chini linabaki tope. Kama mtambo haupulizi hewa ya kutosha humo ndani unapata tope la salfaiti, yani salfa iliyoshika hewa nusu nusu, na hilo ndo balaa lenyewe: linang'ang'ania maji, ukiliangalia unaona limetulia limeshaganda, gari likipita likatikisika linarudi kuwa uji. Huwezi kulitupa hivihivi, mpaka ulichanganye na majivu ya makaa na chokaa ligande kwanza. Na shimo lake sio la kuleta katapila siku moja ukaondoka, chini linataka udongo wa mfinyanzi na plastiki nene, pembeni visima vya kupimia maji, maana humo mna vitu vya sumu kama zebaki, aseniki, seleniamu, boroni. Maji yanayokamuliwa nayo yanataka kusafishwa kivyake.

Najua atakuja mtaalamu kuniambia ukipuliza hewa ya kutosha tope linakuwa jipsamu, ile ya kutengenezea bodi za dari. Ni kweli, nakubali kwa shingo upande, Marekani sehemu kubwa ya jipsamu ya bodi zao imekuwa ikitoka huko, na mafundi dari wetu wa Sinza wangeshangilia. Ila jipsamu ya kuchimba ya Makanya, kule Same, iko pale pale barabarani, sasa hiyo ya Ludewa nani atalipia semi mpaka Dar? Isiponunuliwa ni taka tena.

Na msiniambie wenzetu wameweza. Kingston, Tennessee, hukohuko Marekani, Desemba 2008, ukingo wa bwawa la mtambo wa makaa ulipasuka usiku, tope zaidi ya mita za ujazo milioni 4 likaingia mtoni na kwenye nyumba za watu, usafi ukala zaidi ya dola bilioni 1. Lile lilikuwa tope la majivu, sio la kuchujia salfa, sawa bwana, lakini mabwawa ni yaleyale na uvivu ni uleule. Kanuni za kuwabana kitaifa wenye mitambo kwenye taka za makaa wakazipitisha 2014, zikachapishwa 2015, miaka mingapi hapo baada ya watu kulia!

Sasa Mchuchuma iko bonde la Ruhuhu, na Ruhuhu unamwaga ziwa Nyasa. Watu wanavua humo, wanakunywa humo.

Zile kanuni za Marekani zinataka shimo likishafungwa maji ya chini yaendelee kupimwa miaka 30. Thelathini, mtambo haupo, meneja alishastaafu, mkandarasi alishabadilisha jina la kampuni. Kwa hiyo mnaotupigia hesabu za umeme wa bei chee, kwenye hiyo bei ya uniti hela ya kumlipa mtu wa kupima hivyo visima imo au haimo?