Safari ya kikazi, jioni umetoka mkutanoni: achana na mnara, panda feri

Mi nina msimamo mmoja kuhusu jioni za safari za kikazi na kila nikiusema watu wananibishia, kwamba ukiwa kwenye jiji kubwa usilolijua na umebakiwa na masaa mawili matatu kabla ya kulala, usikate tiketi ya kitu chochote cha watalii. Sio mnara, sio lile basi la ghorofa lisilo na paa, na ile boti ya chakula cha jioni yenye mwimbaji ndo kabisa usiisogelee. Nenda kapande chombo kile kile wanachopanda wenyeji wakirudi makwao.

Sababu kubwa ni kwamba mkutano hauishi saa iliyoandikwa. Ratiba inasema saa 11 jioni, halafu anatokea mtu ana "swali moja dogo" (huyu mtu yupo kwenye kila mkutano duniani, sijui nani huwa anamtuma), swali linazaa swali, mnakuja kutoka saa 12 na nusu, bado hujarudisha laptopu hotelini. Sasa minara mikubwa siku hizi inauza tiketi za saa maalum. Burj Khalifa ya Dubai, ile ya mita 828, muda wa machweo ndo bei inapanda kabisa, yani unalipa zaidi kwa ajili ya saa ambayo wewe huna uhakika kama utakuwa umetoka ukumbini. Feri haikuulizi ulibuku lini. Ukiikosa hii unasubiri inayofuata, basi.

Halafu kuna uchovu. Umekaa kwenye slaidi siku nzima, kichwa kimejaa, miguu iko kwenye viatu vya ofisini, na mtu anakushauri ukapange foleni ya lifti? Kwenye feri au treni unakaa, jiji ndo linakupita mbele ya macho. Na hujitengi na watu, maana una shati la ofisini na wao wana mashati ya ofisini, wamechoka kama wewe, hakuna anayekusogelea kukuuzia sanamu.

Mfano ambao siachi kuutoa ni Staten Island Ferry ya New York. Ni bure. Sio bure ya kusema bure halafu kuna ada huko mbele, ni bure kweli tangu 1997, inatembea usiku na mchana siku zote za wiki, safari ni kama dakika 25 kutoka ncha ya kusini ya Manhattan. Ukienda kaa upande wa kulia utaiona Sanamu ya Uhuru, ukirudi hamia kushoto, na kule Staten Island lazima ushuke uzunguke upande tena hata kama huna shida na hicho kisiwa. Ila uzuri wenyewe hauko kwenye sanamu kwa maoni yangu, uko kwenye kurudi, pale majengo yote ya chini ya Manhattan yamewaka na boti inayaelekea polepole, watu wamejazana mbele na simu zao na wenyeji wamekaa ndani wanasinzia. Tahadhari ni moja tu, nje ya kituo huwa wapo watu wanawauzia wageni tiketi za feri hiyo hiyo ya bure, we pita.

Istanbul nayo ndo usiseme. Pale feri ni usafiri wa kawaida kabisa, unagonga kadi ile ile ya metro na tramu unaingia, na ndani ya dakika kama 20 umetoka bara la Ulaya umefika Asia, watu wanafanya hivyo kila siku kwenda kazini na kurudi. Ushauri wangu usipande kwa kukurupuka. Nenda kwanza upande wa Asia, Kadıköy, zunguka kidogo, halafu panda ya kurudi Eminönü, upande wa Ulaya, jua likiwa linakaribia kuzama, maana hapo unaelekea magharibi na jua linashukia nyuma ya mji wa zamani, misikiti na minara yake inabaki vivuli vyeusi. Kuna wanaolipa hela ndefu kukodi boti kwa ajili ya picha hiyo hiyo.

Hong Kong kuna Star Ferry, imekuwa ikivusha watu kati ya Kowloon na kisiwa cha Hong Kong tangu 1888, safari fupi haifiki hata dakika 10 na nauli ni ndogo. Saa 2 usiku majengo ya pande zote mbili huwa yanacheza taa kwa pamoja, wengi wanayaangalia wakiwa wamesimama ufukweni wamebanana, mi naona bora uwe katikati ya maji.

Kama jiji halina maji ya kuvuka, treni inatosha, lakini sio treni yoyote, maana ya chini ya ardhi utaangalia ukuta mweusi mpaka unashuka. Tafuta inayopita juu. Paris ni laini namba 6, kipande kile cha kutoka Passy kwenda Bir-Hakeim treni inatoka nje na kuvuka mto Seine, na mnara wa Eiffel huo hapo dirishani. Ukipatia ukawa darajani saa ikigonga kamili usiku, utaukuta unametameta, maana kila saa usiku huwa unafanya hivyo kwa dakika 5. Tokyo kuna Yurikamome, treni isiyo na dereva, kwa hiyo kiti cha mbele kabisa ni cha abiria, uipande stesheni ya Shimbashi ikupeleke kisiwa cha Odaiba, inajizungusha mduara mzima ndo inaingia juu ya daraja la Rainbow. Usione aibu kugombea hicho kiti na watoto.

Hapo Tokyo kuna mnara mmoja tu nitakaousamehe, lile jengo la serikali ya jiji mtaa wa Shinjuku, ukumbi wa kutazamia uko mita 202 juu na kupanda ni bure. Na makumbusho najua mtaniuliza. Sawa, Louvre ya Paris Jumatano na Ijumaa inafungwa saa 3 usiku, na Met ya New York Ijumaa na Jumamosi vile vile saa 3, ni nafasi nzuri siku ikigonga na ratiba yako. Ila mwenzangu, siku nzima umesoma maandishi kwenye skrini, jioni tena ukasome vibao vidogo chini ya picha? Mi siwezi.

Kitu ambacho watu hawakipangi kabisa ni jua. Kila mtu anauliza twende wapi, hakuna anayeangalia jua linazama saa ngapi. London mwezi Juni giza linachelewa mno, jua linazama saa 3 na dakika kama 20 usiku, kwa hiyo hata ukitoka kwa kuchelewa bado una mchana, ila mwezi Desemba saa 10 jioni haijafika jua limeshakwenda, ukitoka mkutanoni ni usiku mtupu. Singapore ambayo iko karibu na ikweta haibadiliki, mwaka mzima ni kwenye saa 1 hivi. Na muda mtamu ni ule wa nusu saa baada ya jua kuzama, anga bado ni buluu na taa zimeshawaka, simu yako itatoa picha nzuri bila ufundi wowote. Baada ya hapo anga inakuwa nyeusi na taa zinageuka mabaka meupe tu.

Angalia na mwili wako umetoka wapi. Ukiwa umeruka kuelekea magharibi jioni utasinzia mapema, nenda moja kwa moja kutoka mkutanoni, usipite hotelini, ukikaa kitandani umekwisha. Umeruka kuelekea mashariki basi hata saa 4 usiku macho makavu, hapo huna haraka, ila cheki kwanza usafiri wa mwisho ni saa ngapi. Tokyo treni zinakata kwenye saa 7 usiku na hazirudi mpaka kama saa 11 alfajiri, hapo katikati ni teksi, ambayo usiku inakuwa na nyongeza ya nauli, na mhasibu atataka kujua hiyo risiti inahusiana vipi na mkutano.